Giaboksi Iliyobadilishwa Uchochoroni Bondeni

Sisi tuliokulia Bondeni, wakati gari moja lilikuwa kama mali ya mtaa mzima, tulijua vitu viwili vya kutoa watu majumbani mbio: harusi na gari bovu. Mbaazi za nazi asubuhi, kelele za mchezo wa rede uchochoroni, mwalimu wa chuo cha Kurani akitungoja na kiboko mapajani, hayo yalikuwa ya kila siku. Lakini boneti ikifunguliwa, hata Bi Zulekha, jirani yetu aliyekaanga kachiri za muhogo barazani kwake, aliepua karai akaja kutizama. Watoto wa leo wakiona boneti imefunguliwa hupiga picha. Sisi hatukuwa na cha kupigia picha, basi tulitizama kwa macho, na labda ndiyo sababu nayaona mambo hayo mpaka leo.

Gari letu lilikuwa stesheni wagoni kuukuu ya rangi ya maziwa, mlango wake mmoja ukifunguka kwa nje tu. Baba alikuwa karani bandarini, na hakulinunua kwa fahari. Alilinunua kwa ajili ya kaka yangu mkubwa, Swaleh. Swaleh aliugua polio angali mchanga, miguu ikabaki miembamba, haina nguvu. Nyumbani alikwenda kwa magongo, na akichoka alijivuta kwa mikono, haraka kuliko mimi niliyekuwa na miguu mizima. Skuli iliyokubali kumpokea, ambayo madarasa yake yote yalikuwa chini, bila ngazi, ilikuwa kule Kizingo, kwenye majumba makubwa na miti, ambako kila mtoto huletwa na gari. Naye aliletwa na gari, akashuka kama wenzake.

Mwaka wake wa mwisho wa skuli ya msingi, mtihani ukiwa umekaribia, giaboksi ikafa. Tulikuwa njiani kurudi. Kwanza tulisikia mlio kama mtu anayesaga kokoto, kisha mkono wa gia ukatetemeka, na Baba akawa anausukuma mbele na nyuma kama anakoroga uji. Injini ikinguruma, gari halendi. Wapita njia wakatusukuma hadi Bondeni, mimi na sare yangu ya skuli ya wasichana nikisukuma pia, Swaleh peke yake amekaa mbele ametizama chini.

Mafundi walikuja mmoja mmoja. Mmoja alisema gari hilo lichinjwe, liuzwe vipande. Mwengine alichukua vipimo vyake akaenda, hakurudi. Baba akaamua kumbeba Swaleh mgongoni mpaka Kizingo, asubuhi kwenda na alasiri kurudi. Na Swaleh alikuwa keshaanza kuota ndevu. Nawaona mpaka sasa: Baba na shati lake la kazini limelowa jasho, na yule kijana mrefu mgongoni, miguu yake ikining'inia na kugonga magoti ya Baba. Pale kona ya msikiti vijana walizoea kucheka. Siku moja Swaleh alirudi, akakaa kitako ukumbini, akayasukuma magongo yake chini ya kiti.

"Kesho siendi," alisema.

"Na mtihani?" Baba akamuuliza.

"Waufanye wenye miguu."

Mama alikuwa akichambua mchele. Aliuweka ungo chini, akajifuta mikono kwa leso, akasema kama mtu anayesema kutakuwa na wali wa samaki leo: "Gari litatengezwa hapa hapa. Nitalitengeza mimi."

Baba alidhani ni mzaha. Sisi watoto tulijua kuwa marehemu Babu, baba yake Mama, alikuwa na gereji nyuma ya nyumba yao, lakini hatukujua kuwa Mama aliishi ndani ya gereji hiyo mpaka alipokuwa mwari akawekwa ndani. Alikuwa hajataja. Jioni ile alizitaja spana kwa majina kama mtu anayewataja mashoga zake wa utotoni, na uso wake ulikuwa na mwanga nisiowahi kuuona.

Mjomba aliyekaa Ndia Kuu alikuwa na gari kama letu, limegongwa ubavuni na halina faida tena. Giaboksi yake ilikuwa nzima. Ikaja juu ya mkokoteni, imefunikwa mkeka kama maiti, watalii wa madukani wakisimama kuitizama. Asubuhi ya Jumamosi Mama alivaa suruali ya Baba chini ya dera, akajifunga mtandio kichwani, na gari likapandishwa kwa jeki na kuwekwa juu ya magogo manene. Aliyatikisa magogo yale kwa nguvu zake zote, akayatikisa tena, kisha ndipo akalala juu ya gunia akaingia chini.

"Mama Swaleh," Bi Zulekha alisema, "hata haya huoni?"

Sauti ikatoka chini ya gari: "Haya nimeiacha ndani, dada. Nipe ile spana nambari kumi na saba hapo mguuni pako."

Bi Zulekha akampa. Baada ya hapo hakuondoka.

Kuitoa giaboksi mbovu kulikuwa na tope la mafuta na jasho, lakini ilitoka. Kuirudisha nyingine ndiko kulikokuwa na kazi. Giaboksi ni chuma kizito, na mbele yake pana fimbo yenye meno ambayo lazima iingie katikati ya klachi sawasawa, ikipinda kidogo haiingii. Hatukuwa na mashine ya kuinulia. Mama akaenda jikoni akatoka na mchi wa kinu. Aliulaza ndani ya gari, juu ya lile tundu la mkono wa gia, akapitisha kamba tunduni mpaka chini, akaifunga giaboksi. Baba alikaa ndani kuuzungusha mchi, kamba ikijikunja na chuma kikipanda.

"Na sisi tutatwangia nini?" Baba akauliza.

"Utakula mkate," Mama akajibu, na uchochoro mzima ukacheka.

Kisha kicheko kikaisha. Mama alijaribu, na kujaribu, na fimbo ilikataa. Mikono yake mifupi haikufika juu kwenye nati za nyuma huku akiishikilia giaboksi. Akatoka kupumua. Mara tukamsikia Swaleh, aliyekuwa kizingitini siku nzima.

"Niingizeni mimi."

Baba alitoa kichwa dirishani. "La. Gari likianguka, huna miguu ya kukimbilia."

Mama alimtizama Baba, kisha akamtizama Swaleh. "Mimi ninayo miguu, Baba Swaleh," alisema polepole. "Likianguka nikiwa chini, miguu yangu itanifaa nini?"

Baba alishuka, akayatikisa magogo yale mwenyewe, akaongeza mengine mawili. Kisha akarudi ndani, akaushika mchi.

Swaleh hakusaidiwa. Alijilaza chali, akajivuta kwa mikono, akateleza chini ya lile gari kama samaki, Mama akamfuata. Mimi nililala kifudifudi kando kuwamulikia, ndiyo maana niliona. Chini kule, kaka yangu hakuwa kiwete. Mabega yake, yaliyokuwa yamebeba mwili mzima tangu utotoni, yaliipokea giaboksi ile kifuani kama unavyopokea mtoto. Mkono mmoja uliushikilia uzito, wa pili ukapanda gizani mahali ambapo wa Mama haukufika.

"Baba, shusha kidogo. Kidogo, kama ukucha. Basi!"

"Haiingii?" Mama akauliza.

"Meno hayajakutana."

"Itie gia, uzungushe kule nyuma taratibu. Usiisukume. Itakwambia yenyewe."

Akazungusha. Nilisikia mafuta yakidondoka. Bi Zulekha alikuwa akisoma dua chini chini. Swaleh alifumba macho, akazungusha tena, na kukatoka mlio mdogo sana, mlio wa kufuli linaloitikia ufunguo, na chuma kile chote kikateleza mbele kikakaa mahali pake.

"Subhanallah," Mama alisema. Hakusema kwa sauti. Alikuwa amelala ubavuni mwa mwanawe, na alikuwa akiutizama mkono wa Swaleh.

Nimeona mambo mengi tangu siku ile. Nimeona daraja likielea baharini, nimezaa, nimezunguka Al-Kaaba. Lakini mshangao wa kwanza wa maisha yangu, ule unaokufanya usahau kupumua, niliupata nikiwa na mchanga mdomoni, chini ya stesheni wagoni.

Magharibi haijaingia, Baba akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, na gari likaondoka. Vigelegele vilianzia kwa Bi Zulekha. Jumatatu Swaleh alikwenda Kizingo amekaa mbele, kucha zake nyeusi kwa mafuta, akikataa kabisa kuzisugua. Mtihani aliufanya, akaupita vizuri. Watu hudhani akawa fundi. La, akawa mhasibu, na mpaka leo hukanusha kuwa anajua kitu chochote kuhusu magari.

Mama ametangulia mbele ya haki, na Baba alimfuata. Uchochoro wetu umepangwa pikipiki, na kila mlango una kufuli la ndani. Gari langu mimi ni jipya, chini limefunikwa plastiki, na mwanangu huniambia, "Mama, hilo halifunguliwi, ni la kompyuta." Juzi taa nyekundu iliwaka mbele ya usukani, akaja fundi na simu yake, akalichomekea waya, akalisoma, akaondoka nalo. Hakuna jirani aliyetoka. Nilisimama mlangoni peke yangu, gari limeondoka, hata tone moja la mafuta halikubaki chini.