Alama Tupu Mwishoni mwa Jina

Mwaka 1998, katika ofisi ya intaneti mjini Kisii, hakuna kilichomkera Marion Bosibori kama lile daftari. Kila mteja aliyekataliwa na mtandao alitakiwa kuandika humo, kwa mkono wake, "Nimekosea neno langu la siri," na kutia sahihi, ndipo apewe lingine. Meneja Duncan ndiye aliyelibuni. Watu wazima waliandika vichwa chini kama watoto wa darasa la pili, naye akiwatazama huku akitafuna karanga na kutema maganda. Ptu!

Mwalimu Onchiri wa Sironga alikuwa ametia sahihi mara tatu. Bintiye Gesare aliomba ufadhili katika chuo kimoja ng'ambo, na jibu lingekuja kwenye barua pepe ya baba yake.

"Hawa wazee wa reserve, watu wa vijijini, hawajui kuchapa, Madam," Duncan alisema. "Wewe wape tu daftari."

Bosibori, fundi wa seva, hakumeza hayo. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini hakosei neno lake la siri mara tatu! Jumatano akazifungua kumbukumbu za seva, akazisoma tarakimu kwa tarakimu, maana mashine huandika kila herufi kwa tarakimu mbili. Jina la Onchiri lilikuwa sawa kabisa, ila mwishoni palikuwa na sifuri mbili: alama tupu, isiyoonekana kwenye skrini, iliyobandikwa na mashine yao mpya ya kupokea simu zinazopigwa na kompyuta za wateja. Seva ililiona jina limezidi, ikalikataa. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Akaiamuru seva ikate alama hiyo kabla ya kulinganisha majina, akajaribu, ikakubali. Akamkimbilia Duncan kumweleza.

Duncan akavuta droo, akatoa karatasi ya faksi. Watengenezaji walikuwa wameieleza kasoro hiyo wiki tatu nyuma.

"Ungetaka niambie watu mashine mpya ni mbovu?" aliuliza. "Daftari imetusaidia."

Bosibori aliinyakua ile faksi, akaenda nayo kaunta, Duncan akimfuata.

Onchiri alikuwa amefika kaunta. Bosibori akamfungulia barua yake pale pale. Chuo kilikuwa kimemkubali Gesare, kikataka jibu lake kabla ya Ijumaa iliyopita. Nafasi alikuwa amepewa mwingine. Mzee aliisoma mara mbili, akavua miwani.

"Samahani mwanangu, nimewasumbua na hii vidole yangu," alisema. "Niandike wapi?"

"Hutokea, mwalimu," Duncan akamjibu kwa upole, akimpa kalamu. "Andika tu hapo chini."

"Hukukosea, mwalimu!" Sauti ya Bosibori ilifika hadi mwisho wa foleni. "Si wewe wala hawa wengine. Kosa ni letu, na huyu amejua wiki tatu."

Onchiri alimgeukia Duncan, kalamu ingali mkononi.

"Na Gesare," aliuliza, "nitamwambia nini?"