Mama Mkwe Anajua Kwa Nini Doto Hakuchanjwa

Admin, jina langu lifiche kabisa, mume wangu naye anausoma ukurasa huu. Nina miaka thelathini na moja, nashona nguo hapa Nyegezi. Si mtu wa kulialia, lakini hili limenishinda.

Nilijifungua mapacha wa kiume, Kulwa na Doto. Walipofikia umri wa chanjo ya surua tulikuwa kwa mama mkwe, ng'ambo ya Busisi, mume wangu akiwa safarini na lori. Asubuhi ya kliniki Doto aliamka na joto kidogo. Nikasema nawapeleka wote, nesi ndiye ataamua. Mama mkwe akasema, "Mama Kulwa, huyu haendi na homa. Na pacha haendi peke yake. Ukimfanyia mmoja ukamwacha mwenzake, aliyeachwa atasononeka."

Nikamwambia, "Lakini mama, surua inatembea huku." Akamtoa Kulwa mgongoni kwangu, akaingia naye jikoni. Ni nyumba yake, ningefanyaje?

Kabla ya kliniki nyingine surua ikaingia. Iliwashika wote wawili. Kulwa akapona. Doto ikamshukia kifuani, akafia hospitali mikononi mwangu.

Msibani mume wangu aliniuliza mbele ya watu, "Ulikuwa na kazi gani iliyokushinda kupeleka watoto kuchanjwa?" Mama yake alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Nikamsubiri aseme. Akainamisha kichwa. Mpaka leo namsubiri, na inaniuma sana.

Sasa nina Shija, aliyewafuata mapacha, na wiki hii anachanjwa surua. Mama mkwe amepiga simu: "Nakuja. Shija nitambeba mwenyewe mpaka kliniki." Mume wangu akafurahi. "Unaona mama anavyojali? Mwachie yeye, wewe wale walikushinda." Nikaendelea kukanyaga cherehani.

Ningekuwa namchukia tu ingekuwa nafuu. Lakini kila akija huleta mashati mawili yanayofanana. La kwanza humvalisha Kulwa. La pili huniwekea mapajani, halafu hutoka nje, na mimi najua anakwenda kulia. Ninayo mengi sasa, nimeyakunja chini ya vitambaa vya wateja.

Kesho anafika. Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Nimwambie mume wangu ukweli, amjue mama yake, au nipokee tena shati la pili ninyamaze?