Sahani ya Saba

Siku niliyofukuzwa mazoezini bado ninaikumbuka, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimerudi kutoka Uganda na sifa zangu zote za kuigiza katika kambi ya wakimbizi, na vita vilikuwa vimeizingira Juba hata chakula kikawa kinaletwa kwa ndege. Kikundi chetu cha kanisa, pale mtaani Juba Na Bari, kilikuwa kinaandaa mchezo kuhusu baba aliyefiwa na mtoto vitani. Baba huyo nilikuwa mimi. Nikaanguka chini, nikajigaragaza, nikapiga ukelele mpaka wapita njia wakachungulia dirishani. Nilijiona fundi kweli.

Mama Poni, mwalimu wetu, akakunja uso.

"Wewe iko nalia sana," akasema. "Lakini hii mtoto yako, mimi sioni. Toka. Kuanzia kesho utapika asida ya watu yote. Ukishindwa, nitapa mtu mwingine hii kazi yako ya baba."

Kupika, mwanamume mzima, mbele ya wasichana! Nilikasirika, nisikufiche. Lakini nafasi ile niliitaka kuliko kitu chochote, basi nikashika mwiko. Kila mmoja alileta konzi ya unga wa mtama, nami nikasonga asida, ugali wa kwetu, nikagawa sahani saba, moja kwa kila mtu, na ole wangu moja ipungue. Mwanzoni mikono iliungua na asida ilijaa madonge. Keji, binti mwenye mdomo kuliko wote, alinicheka kila siku. Mwezi ulipoisha nilishajua nani anapenda ukoko, na nani anakula polepole ili aonekane ameshiba.

Kisha Keji akaondoka kwa ndege na wazazi wake, hata kuaga hakuaga. Mchana ule nikagawa kama kawaida, nikajikuta nimeshika sahani yake, ile ya saba, sijui pa kuiweka. Mama Poni alikuwa ananitazama.

"Khalas, imetosha," akasema taratibu. "Sasa rudi mazoezini."

Siku ya onyesho kanisa lilijaa watu waliozika watoto kweli. Sikulia. Niliwagawia wanangu wa mchezo chakula, mkono ukaongeza sahani moja, ya yule aliyekufa, nikasita nayo hewani. Bibi mmoja akainuka kwenye benchi la mbele, akapanda jukwaani, akaipokea sahani ile, akaketi kando yangu akala. Hakuna aliyemzuia. Nikala naye, na moyo wangu ukatulia kuliko siku zote nilizopigiwa makofi.

Basi mwanangu, usikimbilie machozi, hayo hata mimi niliyaweza bila kufundishwa. Mwalimu akikupa kazi ya kuchosha isiyofanana kabisa na kuigiza, nung'unika ukitaka, lakini ifanye mpaka mikono yako iizoee. Watazamaji wetu wameona makubwa kuliko tunayoigiza, ukiwadanganya watajua. Mungu akupe mwalimu mkali, akupe na moyo wa kumvumilia, na jasho lako liwafae wale waliokaa kwenye mabenchi.