Kidole Gani, Mzee?

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya utafiti iliharibiwa na chai, jambo ambalo halikupasa kunishangaza katika nchi hii ya Kericho. Nilikuwa muuguzi wa miaka mingi, mzaliwa wa Kisii niliyeolewa huku, na wodi nilikuwa nimeizoea hata nikaichoka. Metroni, mama mkali aliyepanga zamu zetu zote, aliniita akasema kuna profesa anayetafuta muuguzi wa kumsaidia kuchunguza ugonjwa wa kisukari. "Wewe kwa maswali umetumaliza hapa," aliniambia. "Enda ukaulize huko." Nilienda kabla hajabadili nia.

Kituo chetu cha kwanza kilikuwa zahanati moja karibu na Roret. Wagonjwa walikuwa wameagizwa waje bila kula chochote tangu chakula cha jioni, kwa sababu kipimo tulichotaka ni cha sukari iliyobaki katika damu wakati tumbo halina kitu. Nikatoboa vidole, nikapima, na karibu kila mtu sukari yake ilikuwa juu sana. Profesa akawauliza walikula nini. Wakaapa kwamba hawajala, na kweli hawakuwa wamekula. Walikuwa wamekunywa chai. Chai ya maziwa, kikombe kikubwa, sukari ya kutosha, ile ambayo kila mtu wa huku huinywa kabla hajafungua mlango.

"Sasa mtu atatoka aje kwa nyumba bila chai, Sista?" mama mmoja aliniuliza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni.

Profesa, ambaye mwenyewe ni mtoto wa Ndanai, alicheka mpaka akavua miwani. Alisema wagonjwa wamefuata maagizo sawasawa, ila maagizo yenyewe yaliandikwa na mtu aliyesahau kwao. Mtu huyo alikuwa yeye. Nikampenda kuanzia siku hiyo, maana nimefanya kazi na wakubwa ambao wangewagombeza wagonjwa.

Vijana mnaoanza kazi hii sasa mna mashine za kila namna, kwa hiyo nieleze kidogo tulichokuwa tukitafuta. Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari za joto, baridi na maumivu kwenye ubongo. Macho huumia, figo huumia, na miguu huanza kufa ganzi kuanzia vidoleni. Mguu wenye ganzi hauumi, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtu hukanyaga msumari akaendelea na safari, kidonda kikaoza ndani ya kiatu, na siku anapofika hospitali daktari anazungumzia kukata.

Profesa alitaka kujua kama viatu maalumu vya soli laini vingepunguza vidonda kwa wakulima wa chai, watu wanaoshinda kutwa ndani ya gambuti, vile viatu virefu vya mpira, kwenye miteremko yenye matope. Kwanza ilibidi tuwapate wenye ganzi ya kweli. Kisha wangepigiwa kura: kundi moja lipewe viatu na mafunzo, na kundi la kulinganishia lipewe mafunzo peke yake. Viatu vilikuwa vichache. Kila jozi iliyokwenda kwenye mguu mzima ilikuwa jozi iliyonyimwa mguu uliokuwa hatarini.

Kipimo cha ganzi kilikuwa kijiti chenye ncha upande mmoja. Mgonjwa hulala, hufumba macho, nami humchoma kidogo chini ya vidole na kumuuliza kama anasikia uchungu. Nilizunguka na kijiti hicho Roret, Ndanai na Kipkelion, mvua na jua. Akina mama hawakunipa shida. Walisema "woi" palipouma na wakanyamaza pasipouma. Wanaume nao walilala kimya, uso juu, macho yamefumbwa, na kila nilipouliza, jibu lilikuwa "hapana."

Tulipokusanya majibu, ilionekana kama wanaume karibu wote wa nchi ya chai wamekufa ganzi miguuni. Nakumbuka furaha tuliyokuwa nayo, furaha ya mtu aliyeokota kitu kinachong'aa na hajui ni nini. Profesa alifikiria tumbaku. Mimi nikafikiria dawa za kupulizia mashambani. Tuliuliza juu ya pombe, juu ya maji, juu ya umri wa gambuti zao. Hakuna kilicholingana, na kadiri mambo yalivyokataa kulingana ndivyo nilivyozidi kushikwa na hamu ya kujua.

Jibu nililionea dirishani. Mwenye kufagia ile zahanati ya Roret alikuwa amekataza matope, kwa hiyo wagonjwa waliacha gambuti zao bombani karibu na geti, tabia tuliyoikomesha baadaye kwa ajili ya usalama wao. Kati ya bomba na mlango palimwagwa kokoto. Siku moja niliwatazama wanaume niliokuwa nimewapima wakizirudia gambuti zao. Walikuwa wanarukaruka kama kuku kwenye jivu la moto, wakishikana mabega na kuchekana. Mmoja tu, Arap Mutai, mzee mrefu mcheshi mwenye shamba la chai upande wa bondeni, alipita juu ya zile kokoto polepole kama aliye sebuleni kwake. Nikajisemea, huyo ndiye mwanaume.

Nikamwita Profesa aje aone. Alitazama kwa muda, akakaa kitini, akavua kiatu na soksi.

"Nipime," alisema.

Nikamchoma. Unasikia uchungu? Hapana. Nikaongeza nguvu kidogo, na uso wake ukabaki mkavu kama ukuta. Hapana, alisema tena. Halafu akaangua kicheko, akaushika mguu wake kwa mikono yote miwili.

"Sista, nimesikia mpaka kwa meno."

Nilimuuliza kwa nini basi amekataa. Alifikiri kabla ya kujibu, naye hakuwa anacheka tena.

"Mdomo umejibu kabla yangu," alisema. "Sisi tulipokuwa vijana tulifunzwa, ukiona kisu, uso hausongi. Ukikunja hata jicho, mama yako atasikia, dada zako watasikia, na hutalisahau mpaka uzeeke. Sasa wewe ni mwanamke, unakuja na kitu iko na ncha, unaniuliza kama naumwa. Ni mwanaume gani wa huku atakubali?"

Hata kwetu Kisii mambo ya jando yako hivyo, na ndugu zangu walipitia huko huko. Lakini mimi ni mwanamke, sikuwahi kusimama mahali pale, na Profesa alikuwa amesimama hapo zamani mno. Tulikaa tukitazamana juu ya ule mguu mtupu. Furaha ya kugundua kitu ilitutoka, ikaingia nyingine iliyo bora zaidi, ya kuelewa.

Tulirudi kwenye kamati ya maadili, wale wanaolinda haki za wagonjwa katika utafiti, tukaomba kubadilisha kipimo. Badala ya ncha tulitumia uzi mgumu wa nailoni kwenye mpini, ambao hugusa tu bila kuchoma. Na swali tukaligeuza. Hatukuuliza tena juu ya uchungu. Tuliuliza, "Kidole gani, mzee?" Mara moja moja hatukugusa kabisa, tukauliza vilevile, ili kuona kama mtu anabahatisha.

Wanaume waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Uchungu ulikuwa aibu, lakini kujua kidole ni sifa. Walijibu kwa sauti ya watu wanaoshinda, na walipotoka nje walitambiana kwenye foleni. Miguu mingi tuliyoidhania mifu ikawa mizima kama yangu ya wakati huo.

Arap Mutai aliingia na mkewe, Mama Cherono, aliyekaa kwenye benchi ukutani akiwa na mfuko wake mapajani. Mzee alilala, akafumba macho, akanitania kwamba leo atanifilisi. Nikagusa kidole cha kati. "Kikubwa," alijibu haraka. Nikagusa kikubwa. "Cha mwisho." Alijibu bila kusita, kwa furaha, na kila jibu lilikuwa la kubahatisha. Hapo nikazikumbuka zile kokoto alizopita bila kurukaruka. Nikatia mkono wangu na ule uzi ndani ya mfuko wa koti.

"Na sasa, mzee, kidole gani?"

"Hiyo ni ya mwisho," alisema. "Hapo kando. Hata usijaribu kunidanganya."

Mama Cherono aliuona mkono wangu ulipokuwa. Alimwambia mumewe maneno machache kwa lugha yao, Kikipsigis, taratibu sana. Mzee alifumbua macho, akautazama mfuko wa koti langu, akanitazama mimi. Sijawahi kuona utani ukimtoka mtu usoni namna ile.

Mama Cherono ndiye aliyeniambia kwamba kwa siku kadhaa nyumbani kulikuwa na harufu wasiyoielewa. Nilikuwa nimeanza na mguu wa kulia. Nilipoufungua wa kushoto, soksi ilikuwa imegandia kwenye kidonda. Tukaileta gambuti kutoka bombani nikaipindua, hakikutoka kitu. Nikatia mkono ndani na kukutana na kijiti cha mchai, kile kinachobaki kikali shambani baada ya kupogoa, kimepenya soli na kusimama wima. Alikuwa amekikanyaga kila hatua, akipanda na kushuka mteremko na kikapu cha majani mgongoni.

Aliuliza swali moja tu tulipokuwa tukingojea gari la kumpeleka hospitali Kericho. "Sista, mtu wa mguu moja anaweza kuchuma chai kwa ile mlima yangu?" Nilikuwa nimeuona mlima wenyewe. Shamba lile ndilo lililomlisha na kusomesha watoto wake, na hakujua kazi nyingine.

Walimkata vidole viwili. Daktari wa upasuaji alituambia kwamba angechelewa zaidi kidogo, angeukata mguu chini ya goti. Kidonda kilipopona, Arap Mutai aliingia katika utafiti, na kura ikamtupa kwenye kundi la mafunzo bila viatu. Nilikasirika. Nilimwendea Profesa nikamwambia mtu yule tumpe tu, nani atajua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Tungekuwa tunajua viatu vinasaidia, singepiga kura," alisema. "Ningewapa wote. Hatujui, Sista. Ndio maana tunauliza."

Alikuwa sahihi na bado niliendelea kununa. Nikamfundisha Arap Mutai kwa bidii ya mtu mwenye hasira: kila asubuhi pindua gambuti, kung'uta, tia mkono ndani mpaka kwenye ncha, ndipo uvae. Jioni Mama Cherono akague nyayo. Mkono bado unasikia, nilimwambia, basi mkono ufanye kazi ya mguu. Utafiti ulipokwisha kila aliyebaki alipewa viatu, naye akapata vyake. Ni kwa kiasi gani viatu vilisaidia, Profesa anabishana na wenzake mpaka leo, na anaonekana kuufurahia ubishi huo. Ninachojua mimi ni kwamba Arap Mutai bado anapanda mteremko wake, akiyumba kidogo.

Nilistaafu kwa keki na hotuba. Sikukaa sana nyumbani kabla kiu na kwenda haja mara kwa mara havijanipeleka kupima. Kisukari. Huenda nilikuwa nacho miaka mingi nikipima cha wengine. Sasa mimi ndiye ninayekaa kwenye benchi la kliniki, na siku yetu ya kliniki ni moja na Arap Mutai, ambaye jambo hilo limemfurahisha kuliko inavyostahili.

Mara ya mwisho muuguzi msichana, mpole, aliyefunzwa na mtu niliyemfunza mimi, alinilaza akaniambia nifumbe macho. Nililisikia lile swali langu likinirudia kwa sauti ngeni. Kidole gani, mama? Kikubwa, nikasema. Kidole gani? Cha mwisho. Kisha akauliza tena, nami nikangoja, nikasikiliza kwa makini, na sikusikia kitu. Nikatabasamu, kwa sababu ujanja ule ni wangu.

"Mkono uko mfukoni," nilisema.

Aliniinamia.

"Hapana, mama. Nimekugusa."

Nilifumbua macho nikauona uzi wa nailoni umejipinda kwenye kidole changu cha kati, unakisukuma, na kidole kama si changu. Niliogopa, siwezi kusema vingine. Arap Mutai alikuwa ameona yote kutoka benchini. Nilimngoja anitanie, hakunitania. Aliinama kwa shida, akaviokota viatu vyangu, akakipindua kimoja, akakikung'uta, akatia mkono ndani mpaka kwenye ncha. Halafu cha pili.

"Hakuna kitu, Sista," alisema. "Vaa."