Nafasi Zilizoachwa Wazi

Mchomeleaji wa mageti yule hakuwa mkono wa birika. Tatizo lake lilikuwa kesho. Kila kitu alikinunua kwa ajili ya kesho. Viatu vya watoto vilipwaya mpaka vikachanika kabla miguu haijavijaza. Geti la nyumba yake alilichomelea pana la kupitisha gari, na gari hana. Mdogo wake wa kike ndiye aliyembandika jina la Bwana Baadaye, nalo likamganda mtaa mzima.

Dada huyo alikuwa mpeleka vifurushi kwa pikipiki, mtu wa mwendo, mwenye mdomo wa kuwachekesha askari wa barabarani mpaka wasahau kumwandikia faini. Halafu moyo ukaanza kumchezea. Kwanza ngazi zilimshinda, kisha pikipiki yenyewe, mwishowe hata kwenda bafuni ikawa safari ya kupumzika njiani. Hospitali walisema moyo umepanuka na umechoka. Kaka mtu akamchukua kwake, akamtolea vyuma kwenye stoo ya nyuma, akaipaka rangi na kumwekea kitanda karibu na dirisha.

Dirisha lile lilitazama ukuta. Dada akalala akiutazama ukuta huo, mpaka siku moja akasema, "Kaka, nataka kuendesha."

"Kuendesha nini, na hali hii?"

"Magari. Ya kwenye gemu. Kule hakuna ngazi."

Kaka hakujua a wala be ya kompyuta, lakini ombi lile lilimfurahisha kuliko alivyoonyesha. Tangu augue, dada hakuwa ameomba kitu zaidi ya maji. Akaenda kwa mama mmoja mwenye duka la kompyuta zilizotumika, ambaye huchomeka bisibisi sikioni kama wengine wanavyochomeka kalamu. Akamweleza shida yake, na udogo wa mfuko wake.

"Basi fundi, njia ni mbili," yule mama akasema. "Ya kwanza, tuchukue bodi ya kawaida, ile ya kuunganishia vyote, na saplai ndogo ya umeme, pesa inayobaki tuweke kadi ya picha, inayofanya gemu ziende bila kukwama. Mgonjwa wako anacheza leo. Ya pili, tuweke msingi kwanza: bodi kubwa yenye nafasi za kuongeza ramu za kumbukumbu, saplai yenye nguvu, na prosesa inayoweza kutoa picha yenyewe kwa sasa. Kadi utaongeza baadaye."

Neno hilo la mwisho lilimwingia masikioni kama asali. "Hiyo ya pili," akasema.

"Lakini gemu kubwa zitakuwa zinakwamakwama."

"Kwa muda tu, si ndiyo?"

"Kwa muda," mama akajibu, akimtazama. "Kama muda upo."

Fundi alikuwa ameshaanza kupapasa bodi, akihesabu matundu yake. Hakusikia vizuri, au alisikia akapuuza.

Aliunganisha mashine mwenyewe, juu ya meza ndogo pembeni ya kitanda. Dada alishika skrubu kiganjani na kumsomea maelekezo kwenye simu. Mikono iliyozoea kupinda nondo haikujua itumie nguvu gani kwenye kipande cha ramu; alikibonyeza kwa woga kama anayegusa yai, mpaka dada akamfokea, "Kandamiza kaka, hakikuumi!" Kikalia ta, kikakaa. Mke wa fundi, aliyekuwa mlangoni, akapiga makofi.

Fundi akaanza kumwonyesha mgonjwa ndani ya kasha. "Hapa itakaa ramu nyingine. Hapa kadi ya picha, hata ile kubwa kabisa. Na saplai hii haitatetereka." Alizungusha kidole kwenye nafasi tupu kwa fahari ya mtu anayewatembeza wageni kwenye nyumba mpya.

"Vizuri, kaka," dada akasema. "Sasa washa."

Gemu la mbio za magari likafunguka. Gari liliruka kutoka mahali hadi mahali kama picha zilizochanwa. Unaona kona, unakwama, ukirudi umeshajibamiza. Dada alipunguza kila kilichopunguzika, miti ikageuka maboksi na watu wakapotea barabarani, lakini wapi. Akaachia vitufe.

"Si kitu," akasema. "Nitacheza karata."

Akacheza karata. Miezi ikapita. Kila fundi alipojikusanya anunue kadi, lilizuka la kuzuka: dawa, ada, mteja aliyechukua geti akaingia mitini. Dada hakuuliza hata mara moja. Miguu yake ikavimba, kisha vidole.

Siku ya kliniki daktari alimvuta fundi pembeni na kumweleza, kwa sauti ya chini na bila kuzunguka, kwamba muda uliobaki ni mfupi mno. Wakirudi nyumbani kwenye teksi fundi alikaza macho nje ya dirisha.

"Amekwambia," dada akasema.

"Ndiyo."

"Mimi aliniambia kabla hujanunua kompyuta."

Fundi aligeuka. "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha sana na zile nafasi zako. Nilikuonea huruma."

Hakuwa anamsuta. Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja hali ya hewa, ndiyo maana lilimchoma zaidi.

Kesho yake asubuhi fundi alibeba kasha mpaka dukani. "Mama, toa vyote vya baadaye. Bodi, saplai, vyote. Nipe vidogo na uniwekee kadi."

"Utakula hasara, fundi."

"Toa."

Mama akachomoa bisibisi sikioni. Kwenye kadi akampunguzia bila kuombwa.

Jioni hiyo barabara ilinyooka. Gari lilipita kando ya bahari ya kuchorwa, jua likiwaka kwenye boneti, na dada akaingia kona ya kwanza mwili wake wote ukilala upande kama zamani kwenye pikipiki. Alimaliza mzunguko mmoja. Katika wa pili vidole vikakataa.

"Endesha wewe," akasema.

"Mimi sijui."

"Nitakuelekeza."

Akaendesha, akaangukia baharini, akaopolewa, akaangukia tena. Dada alicheka mpaka pumzi ikamkata, wifi yake akaja mbio kumwinua kwenye mito.

Juma halikuisha. Alikufa mchana, wifi yake akimkanda miguu, fundi akiwa karakana na kinyago cha kuchomelea usoni. Walimwita mara kadhaa kabla hajasikia kwa kelele za mashine.

Matangani watu walimsifu. Kaka kama huyu, walisema, wako wangapi? Kila walipomsifu, fundi alikuwa akiinuka na kwenda kusimama uani. Mkewe alimfuata huko.

"Mume wangu, hata angekuwa na kadi hiyo tangu siku ya kwanza, moyo ule usingepona."

"Najua," akasema. "Lakini angeendesha."

Mke akasimama naye tu.

Kompyuta ilikaa chumba cha nyuma imefunikwa shuka, hadi watoto walipoomba ihamishiwe sebuleni. Alikataa kwa muda mrefu. Mwishowe akaibeba mwenyewe, akaiunganisha, akawaonyesha pa kuwashia. Wanacheza kila wakitoka shule. Wakifungua lile la magari na injini zikaanza kunguruma, baba yao huchukua sahani yake na kwenda kumalizia chakula karakana.