Rangi za Mikono Yao: Miaka Yangu katika Darasa la Awali

Siku ya kwanza kazini niliripoti katika shule moja ya msingi huko Songwa, nikiwa na cheti kipya na viatu vilivyonibana. Mwalimu mkuu, mzee mrefu aliyeongea polepole, alisoma barua yangu, akaikunja, akaniambia wazi kwamba darasa la awali hupewa mwalimu ambaye shule haijui imweke wapi. Kisha akanipeleka kwenye chumba chenye mikeka mitatu na watoto ambao wengi wao Kiswahili chao kiliishia kwenye "shikamoo". Mimi ni Msukuma kama wao, kwa hiyo hilo halikunitisha.

Chumbani palikuwa na kabati la zana. Kwa nyinyi msiofundisha, zana ni kitu chochote ambacho mtoto hukishika au kukitazama ili ajifunze: vizibo vya kuhesabia, picha, kadi za herufi. Humo nilikuta msaada wa wageni, wanasesere wanne, watatu wa kizungu na mmoja mweusi. Nikawapanga kwenye kona ya nyumbani. Kona ni sehemu ya darasa ambapo mtoto huchagua mchezo mwenyewe, mwalimu akimtazama na kuandika anachokiona.

Nilichokiona wiki ile sijakisahau. Wanasesere weupe walibebwa mgongoni, wakalishwa, wakalazwa. Yule mweusi alipewa kazi ya kuosha vyombo. Nilipouliza kwa nini, Holo, binti mweusi kuliko wote darasani, alinijibu bila wasiwasi wowote.

"Huyu ni mbaya, mwalimu. Kama mimi."

Siku chache baadaye nilimkuta nyuma ya darasa akijisugua mikono kwa chaki. Nilimwosha, nikamrudisha ndani. Ningemwambia nini? Mimi mwenyewe nilikuwa napaka krimu ya kung'arisha ngozi, niliyoinunua mjini kwa siri. Jioni ile niliitupa chooni.

Chuoni nilifundishwa kuimbisha na kuhesabisha. Hakuna aliyenionya kwamba mtoto wa miaka mitano huja ameshaambiwa nani mzuri na nani mbaya. Nikaanza kutengeneza zana zangu. Pamba kwetu si tatizo. Nilinunua kitambaa cheupe cha pamba kiitwacho marekani, nikakikata vipande na kuvichemsha, kimoja kwenye majani ya chai, kingine kwenye maganda ya vitunguu, kingine kwenye kahawa, kingine kwenye masizi. Nikashona wanasesere kumi, hakuna wawili wa rangi moja, kila mmoja na jina na kazi yake. Daktari ndiye aliyekuwa mweusi kuliko wote. Wale wa kizungu sikuwatupa. Niliwafanya majirani, na kuosha vyombo kukawa kwa zamu. Kabla ya mwaka kwisha, Holo alikuwa akimbeba daktari mgongoni na kumgombeza kila anayemshika vibaya.

Nilipohamishiwa Nyahanga, Kahama, nilibuni somo la udongo. Kila mtoto alileta udongo wa kwao: mweusi wa mbuga, mwekundu wa kichuguu, mchanga wa manjano. Tuliuchanganya na maji hadi kila mmoja apate rangi ya mkono wake, kisha akaugandamiza kwenye karatasi. Mwalimu mkuu wa pale, mama wa maneno machache, alitukuta tumejaa matope.

"Mwalimu Minza, hili lipo kwenye andalio la somo?"

"Lipo, mama. Kulinganisha na kupanga."

Akakunja mikono ya blauzi, akachuchumaa kati ya watoto, akaanza kutafuta rangi yake. Ilimchukua muda mrefu kuliko watoto. Karatasi yake tuliibandika ukutani pamoja na zao.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Geita, shule iliyo karibu na makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Huko alikuwepo Rehema. Baba yake alikuwa fundi wa makarasha, Mchina, aliyerudi kwao kabla mtoto hajatembea. Rehema alilelewa na bibi yake. Watoto walimwita Mchina na kuvuta macho yao kwa vidole. Walimu walimwita mweupe wetu, wakampa pipi. Niliwaambia wenzangu kwamba yote mawili yanamwumiza, wakaona natia chumvi.

Asubuhi moja bibi alikuja kumwondoa shuleni. Alisema mtoto anamlilia amnyoe nywele zote ili afanane na wenzake. Nilimwomba anipe mwezi mmoja.

Mwezi ule tulitengeneza kitabu cha darasa, kila mtoto na ukurasa wake wenye picha ya watu wa kwao. Ilipofika zamu ya Rehema, mtoto mmoja aliuliza kwa nini macho yake yako vile. Zamani ningemnyamazisha. Safari hii nilimwacha Rehema ajibu.

"Macho ni ya baba. Kucheka ni kwa bibi."

Darasa zima likaanza kutafuta masikio ya mjomba na vidole vya shangazi. Kumvutia macho kukakosa ladha. Mwezi ulipokwisha, bibi hakuja tena kumchukua.

Kisha zikaja habari kwamba wageni watatembelea shule. Mwalimu mkuu wa pale alitaka Rehema peke yake atoe maua, na watoto wawili weusi zaidi wakae nyuma, ili picha zipendeze. Alilisema bila ubaya, kama mtu anayepanga viti.

"Samahani, mkuu," nilimwambia. "Hao nimewafundisha miezi minane kwamba hakuna rangi ya mbele. Siwezi kulifuta hilo kwa siku moja."

"Ni amri, mwalimu."

"Basi niandikie barua."

Tulipiga kura kwa vizibo, maua yakamwangukia Masanja, mwenye makamasi, naye aliyatoa kwa heshima zote. Barua ya karipio nikaipata kweli. Wiki tatu nilifundisha nikihofia kufukuzwa, maana nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu.

Ndipo akaja mthibiti ubora wa shule, tuliyemzoea kwa jina la mkaguzi. Aliketi kwenye mkeka siku nzima. Alipekua kitabu cha darasa, akawapakata wanasesere wangu wa kitambaa mmoja mmoja, akamwuliza Rehema yeye ni nani. Rehema alitaja jina lake na la bibi yake, akarudi kucheza. Mthibiti akaniuliza kitambaa kinachemshwa kwa muda gani. Kwa ripoti yake karipio lilifutwa, na hadi nilipostaafu nilikuwa nikiwafundisha walimu wa awali wa kata nzima kushona wanasesere na kuwatia rangi.

Mara mbili nilitakiwa kupanda, nikafundishe madarasa ya juu, na mara mbili nilikataa. Wenzangu walinihurumia. Hata leo, nikienda sokoni, wapo wanaoniuliza kwa nini nilizeekea kwenye mikeka. Nawajibu kwa fahari. Mtoto wa miaka mitano huuliza juu ya rangi ya mwenzake kwa sababu anataka kujua. Akifika darasa la nne hakuulizi tena, ameshajibiwa na wengine. Mimi nilitaka jibu la kwanza alisikie kwangu.