Siku Niliyompinga Baba Mbele za Watu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nikiwa binti wa sekondari hapa Tabora, nilichaguliwa kusema kwenye mdahalo. Mada ilikuwa: "Kilimo cha tumbaku kiachwe." Mimi nilipangwa upande wa kuunga mkono. Na baba yangu, mkulima wa tumbaku kule Urambo, alikuwa miongoni mwa wazazi walioalikwa.

Siku hizo niliishi mtaa wa Gongoni kwa shangazi, dada yake baba, fundi wa nguo. Jioni moja nikasimama karibu na cherehani yake nikijizoeza kwa kelele: "Wakulima wa tumbaku ni wajinga wanaojiua wenyewe!"

Cherehani ikanyamaza.

"Huyo mjinga ndiye kaka yangu?"

Shangazi akageuka kunitazama.

"Maneno mema hutoa nyoka pangoni, mwanangu. Hayo yako yatamzamisha zaidi. Ukisimama, mtafute mtu mmoja unayetaka akuelewe, useme naye."

Basi siku ikafika. Ah, ukumbi ule wa shule na mabenchi yake yaliyolia kila mtu akijigeuza! Hata leo nikipita pale moyo hunienda mbio. Nikamwona baba katikati, ndani ya koti lake la sikukuu.

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," akaitika. Ukumbi ukacheka, na mimi nikapata pumzi.

Nikamweleza jinsi mama anavyokohoa kila akitoka kwenye bani tunamokaushia tumbaku, na msitu tulimookota uyoga ulivyoishia kuwa kuni za bani hilo. Nikakiri pia kwamba tumbaku hiyohiyo ndiyo iliyonivisha sare niliyosimama nayo.

Tulishindwa. Waamuzi waliwapa ushindi wenzetu. Lakini nje, baba alinishika bega.

"Umenipinga mbele za watu, wala hukunivunjia heshima," akasema. "Mama yako hataingia tena banini."

Na hakuingia tena. Msimu uliofuata nusu ya shamba ilikuwa karanga.

Mwanangu, woga utakujia nawe ukisimama kusema. Hata mimi mzee bado hunijia. Jiandae, vuta pumzi, kisha sema na mtu, usiseme na umati. Mpinzani wako akiwa na haki, mpe haki yake, halafu lako liseme wazi bila kumung'unya. Wala usimtukane: uliyemdhalilisha hakusikii tena, hata ukisema kweli tupu.

Mungu akufungue kinywa, akulainishie ulimi, na neno lako liwaponye uwapendao. Amina.